Kiangazi Ambacho Hatukuchoma Matofali

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa mwaka

 

Tumeombwa tueleze kwa nini mchango wa mwaka huu ni wa matofali. Tungeweza kutaja bei ya saruji tukakaa chini. Lakini wapo humu vijana ambao mwaka 2012 walikuwa bado wanabebwa mgongoni, na kila tukisema kwetu kumechelewa wanatuuliza kulichelewa wapi. Basi turudi kwenye kiangazi kile.

Kiangazi cha kwetu mnakijua. Mvua zikishakatika mwezi wa tano, mahindi yanaingia ghalani na tumbaku inafungwa mitumba. Mwezi wa nane moshi wa mioto ya pori unakaa juu ya miti siku nzima. Ni miezi ya harusi na ya kujenga. Mtu anafyatua matofali karibu na maji, anayaanika, anayapanga tanuri, analikandika udongo, kisha jioni anawasha. Vijana wanakesha pale na viazi vya kuchoma, na uongo mwingi. Zamani ukitembea usiku uliweza kuhesabu matanuri kwa moto wake.

Kiangazi cha 2012 hapakuwa na moto wa kuhesabu.

Wazazi wetu walivuka mpaka mwaka 1972 wakitoka Burundi. Makazi ya Katumba yalipofunguliwa mwaka 1973 waliletwa porini, wakashika shoka na jembe, na pori lile ndilo tunaloliita nyumbani, Litapunga ikiwa humo ndani. Zaidi ya miaka thelathini baadaye tukaulizwa swali moja: kurudi au kubaki? Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa pamoja tulikuwa watu kama 218,000, na wanne katika kila watano wakasema tunabaki. Wengine wakarudi, na wapo humu ndani waliosindikiza ndugu mpaka kwenye treni na hawajaonana nao tena. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Siku hiyo tulichinja.

Furaha haikumaliza mwaka. Tuliambiwa makazi yatafungwa, kwamba tutahamishiwa mikoa mingine, na kwamba vyeti tutavipokea huko tutakakokwenda. Baadaye uhamisho wenyewe ukasimamishwa, ila hakuna aliyetuambia sasa tukae. Kwa hiyo kiangazi cha 2012 kilitukuta mguu ndani, mguu nje. Ukimbizi tulishauvua, cheti cha uraia hatukuwa nacho. Kijana akidaiwa karatasi ya kuonyesha yeye ni nani, alikuwa na maelezo tu, na maelezo hayapigwi muhuri.

Kilichochekesha, kama kicheko kinaruhusiwa, ni kwamba mwezi Machi mwaka huo huo Mkoa wa Katavi ulitangazwa rasmi. Mpanda mjini kila mtu alikuwa anazungumzia viwanja. Sisi tulikuwa ndani ya mkoa mpya kabisa, tukiwa tumeshaambiwa tutoke.

Nani ajenge katika hali hiyo? Hatukufyatua tofali. Hatukupanda mwembe, maana mwembe ni wa miaka mingi na sisi hatukuwa na hakika ya mwaka mmoja. Darasa lililoezuliwa na upepo lilibaki vile vile, na watoto walifuata kivuli cha ukuta kadiri jua lilivyosogea. Hatukuwa na wa kumlaumu. Nani angepeleka bati mahali panapofungwa?

Na sisi wenyewe tuseme letu. Wapo kwenye kamati hii, nao wameridhia lisemwe, walioezua bati za nyumba ya baba yao wakaziuza kwa bei ya kutupa, wakijua kesho wanahama. Wakamwezekea mzee nyasi, “kwa muda tu, baba”. Kisha wenye nguvu tukaondoka kwenda mijini kutafuta, tukaacha wazee walinde makaburi.

Mwezi wa nane ikaja sensa. Usiku wa kuhesabiwa ulikuwa wa kuamkia tarehe 26 Agosti. Wapo waliodhani ni orodha nyingine ya kuhamisha watu, wakashinda shambani. Karani alifika nyumbani kwa mzee yule wa bati. Akauliza waliolala pale ni wangapi, umri wao, kama wanajua kusoma. Akauliza maji mnachota wapi: kisima cha wazi. Taa: kibatari. Paa: karani akainua macho mwenyewe akaandika. Halafu akauliza uraia.

Mzee alinyamaza kwa muda. Alikuwa ameishi Tanzania miaka arobaini kamili. Akasema, “Andika Mtanzania. Cheti kiko njiani.”

Karani akaandika. Lile dodoso ndilo lililopiga picha ya kiangazi kile, na mpaka leo ukitaka kujua maisha yetu yalisimama wapi, yalisimama hapo: kisima cha wazi, kibatari, paa la nyasi, na cheti kilicho njiani.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na suala la kuhama likaisha, tukabaki tulipo. Siku ya kugawa, jina lake lilisomwa kama ya wengine. Hakuna aliyeitika. Likasomwa mara ya pili.

Oktoba 2015 tulipiga kura, wengi wetu kwa mara ya kwanza maishani. Wapo mama waliolala kwenye foleni tangu saa tisa usiku, ingawa vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi. Hatukuwacheka. Nasi tulikuwepo.

Sasa vijana, jibu lenu ni hili: kulichelewa pale. Tangu 2010 mpaka 2014 kila kijiji nchini kiliongeza darasa hapa na kisima pale, na sisi tulikuwa tumeketi juu ya mizigo iliyofungwa. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi na watu 564,604. Ile ya Agosti 2022 ikakuta 1,152,958. Watu wameongezeka mara mbili na zaidi ndani ya miaka kumi, na sisi mwanzo wa miaka hiyo hatukupiga hatua. Ndiyo maana walimu wanaopangiwa kwetu wanatafuta vyumba vya kupanga umbali ambao wakati wa masika haupitiki, na wakipata uhamisho hatuna la kuwaambia wabaki.

Kamati imekubaliana na wazee wa kijiji tujenge nyumba mbili za walimu. Eneo limetolewa, muhtasari wa kikao umesainiwa. Tuliulizwa kwa nini tusianze na kisima, na hilo lilijadiliwa mpaka saa nne usiku. Wa kisima wakashindwa kwa kura chache, na wamo kwenye kamati wakifanya kazi kama wengine. Mwakani watatukumbusha.

Saruji na bati zitanunuliwa kwa fedha mtakazotoa leo. Mweka hazina yuko pale mezani na kitabu cha stakabadhi. Ahadi zinapokelewa, lakini kwa maandishi, maana tunafahamiana. Matofali hatununui. Kina mama wa kijijini wameshaanza kusomba maji, udongo umechimbwa, kuni zimekatwa kwa kibali. Tanuri la kwanza tutaliwasha Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Wenye bati walizoziuza mwaka ule wamesema watakuja kupanga matofali kwa mikono yao, na viazi wataleta wao.