Nyumba Yenye Nafasi

Somo: 2 Wafalme 4:8-37

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba zetu: vitu tulivyo navyo, mahali tulipoviweka, na watu wanaoishi katikati ya vitu hivyo. Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya akina mama na fagio, si mambo ya ibada. Lakini Biblia haikuona haya kuyataja.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma habari za mama mmoja wa mji wa Shunemu. Jina lake hatukupewa. Tunaambiwa kwamba alikuwa mtu wa hali nzuri, na kwamba nabii Elisha alipopita njia ile alizoea kula chakula nyumbani mwake. Siku moja mama huyo akamshauri mumewe wamjengee mgeni wao chumba kidogo juu ya nyumba, apate mahali pa kupumzika kila apitapo. Ndani ya chumba hicho vilikuwa vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa.

Hebu tuvifikiri vitu hivyo vinne. Mama huyu hakuwa maskini. Kama angetaka kukijaza chumba kile, nadhani asingekosa vitu vya kutia. Lakini alianza kwa kumfikiri mtu atakayelala humo. Msafiri hufika amechoka, basi apewe kitanda. Atataka kula au kusoma, basi apate meza na kiti. Giza likiingia, ataihitaji taa. Hapo akaacha. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mgeni mwenyewe.

Sisi mara nyingi tunaanza upande wa pili. Tunaanza na vitu, kisha watu wanatafuta pa kupenya. Tuseme iko familia moja ya watu sita katika vyumba viwili, katika mtaa wowote wa Nairobi, Nakuru au Kisumu. Sebuleni mna seti ya viti vya sofa iliyonunuliwa kwa mkopo kwa sababu jirani alinunua yake. Viti ni vikubwa hata mtu hupita kwa ubavu. Kabati la vioo limeziba nusu ya dirisha, na ndani yake vimepangwa vikombe vya wageni ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa. Juu ya kabati iko redio iliyokufa zamani. Ukutani kuna kalenda za miaka mitano iliyopita. Chini ya kitanda mna masanduku, gunia la nguo zisizomtosha mtu yeyote, na mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri, ingawa serikali iliipiga marufuku tangu mwaka 2017.

Jioni inafika. Msichana wa sekondari anataka kufanya kazi ya shule, lakini meza ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki ambayo hayaondolewi. Basi anaketi kitandani, daftari magotini, mgongo umepinda. Mwaka mzima anasoma hivyo, na matokeo yakija mabaya anaulizwa kwa nini hakujitahidi. Siku nyingine bibi yao anatoka nyumbani kuja kutibiwa. Anapokewa kwa furaha na chai inapikwa. Lakini usiku ukikaribia, baba na mama wanatazamana. Hakuna mahali pa kutandika mkeka. Bibi anapelekwa kulala kwa watu wengine, naye mzee anaelewa bila kuambiwa. Safari nyingine anasema kwamba mguu wake umepona, hana haja ya kuja.

Ndugu zangu, hapo ndipo neno hili linapokuwa zito. Katika nyumba ile hapakukosekana upendo. Ilikosekana nafasi, na nafasi ile ilikuwa imechukuliwa na redio iliyokufa na gunia la nguo.

Siwacheki watu wa nyumba hiyo. Mtu aliyewahi kukosa hatupi kitu upesi. Wale wanaokumbuka njaa ya mwaka 1984 wanajua kwa nini mama huweka kila debe na kila kamba. Kuweka akiba ni hekima, na Yusufu aliweka nafaka ya Misri miaka saba. Lakini Yusufu alijua anaweka nini, kwa ajili ya nani, na itatolewa lini. Yule tajiri katika mfano wa Bwana Yesu, katika Luka sura ya 12, naye aliweka. Alipanga kujenga ghala kubwa zaidi, na katika mipango yake yote hakumtaja mtu mwingine hata mmoja. Basi kila mmoja wetu ajiulize juu ya kila kitu alichokificha: hiki ni akiba, au ni makorokoro? Kama huwezi kusema kitamfaa nani, na lini, huenda si akiba tena.

Sasa tufanye nini? Nitasema mambo machache ya kutendeka.

Kwanza, anza na pembe moja. Ukitaka kutoa vitu vya nyumba nzima siku moja, jioni itakukuta umechoka, na vitu vyote viko uani, na mvua inakuja. Jumamosi hii chukua chini ya kitanda tu. Jumamosi ijayo chukua jikoni. Gawanya vitu mafungu matatu: vile mnavyotumia, vile vitakavyomfaa mtu mwingine, na vile visivyomfaa mtu. Vyuma na mabati kuukuu vina wanunuzi wake wanaopita mitaani na mizani.

Pili, msitupe mali ya mtu bila kumwuliza. Mama Mshunami mwenyewe alishauriana na mumewe kabla ya kujenga. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa sababu mume alirudi akakuta vyombo vyake vya useremala vimeuzwa, au mke alikuta barua za mama yake zimechomwa. Hasa tuwe wapole kwa vitu vya marehemu. Mjane anayelihifadhi koti la mumewe asiharakishwe. Siku akiwa tayari, achague kitu kimoja au viwili vya ukumbusho, na vingine wavae wajukuu wakati bado vina nguvu. Koti huliwa na nondo likifungiwa sandukuni, wala nondo hawajui huzuni.

Tatu, angalia afya. Kabati likiziba dirisha, sogeza kabati. Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, na chumba kisichopitisha hewa humsaidia mgonjwa kuwaambukiza wenzake. Nguo nyingi zilizotundikwa gizani nyuma ya mlango ni mahali pazuri pa mbu kupumzikia mchana. Nje ya nyumba, tazama makopo na magurudumu ya gari yaliyolala uani. Mbu waletao homa ya dengi na chikungunya hutaga katika maji kidogo kama hayo, na katika mitungi isiyofunikwa. Watu wa Pwani wanajua, maana mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu na baadaye ikafika Mombasa. Tena, kama umetia mafuta ya taa katika chupa ya soda, itoe leo, kabla mtoto hajarudi shuleni akiwa na kiu.

Nne, weka karatasi zote za maana mahali pamoja: hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, stakabadhi za karo. Ziwe katika mfuko mmoja usioingia maji, na watu wazima wawili wajue ulipo. Familia imewahi kukosa haki yake kwa sababu cheti kilikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe, chini ya vitu, na hakikuonekana.

Tano, ukitoa, toa kitu ambacho wewe mwenyewe ungekivaa au kukitumia. Fua shati kwanza, shona kifungo. Usimfanye jirani kuwa shimo la takataka zako, kisha ukangoja akushukuru.

Baadhi yenu mtauliza: je, mhubiri anataka tukae katika nyumba tupu kama jela? La, hasha. Mungu aliyeumba maua hakatazi uzuri. Nyumba inayopendeza huwaburudisha wenyeji wake, nao hutamani kurudi jioni. Lakini uzuri hautokani na wingi, wala na kuiga sebule uliyoiona katika picha.

Tujifunze kwa wazee wetu wa Lamu. Mji wao wa kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, nazo boriti hazipiti urefu fulani. Basi mafundi walifanyaje? Walitengeneza zidaka ukutani, vishubaka vidogo vilivyopambwa kwa nakshi, na humo vikawekwa vyombo vya thamani. Hivyo chombo kina mahali pake, jicho lina cha kutazama, na sakafu imebaki kwa watu na mikeka yao. Nje mlangoni pana baraza ya kuketi na wageni. Ufinyu wa chumba ndio uliowafundisha mpango huo, na mtu aingiapo hujua mara moja kwamba yuko Lamu, hayuko mahali pengine.

Na wewe, nyumba yako ifanane nawe. Kama mama yako alisuka kiondo, kwa nini kimelala sandukuni, na ukutani umetundika picha ya mlima wa Ulaya usioujua? Kitundike kiondo, au kiwekee viazi. Kama unakaa nyumba ya udongo, unajua jinsi akina mama wanavyoupaka ukuta udongo wa rangi mbili ukapendeza kuliko karatasi ya duka. Kama una chumba kimoja cha kupanga, pazia safi la kugawanya kitanda na jiko, rafu moja ya mbao juu ya mlango, na misumari michache iliyopangwa kwa mstari, vitafanya kazi kubwa. Chagua kitu kimoja unachokipenda kwa kweli, kipe mahali pa heshima, na vingine visikizonge. Na vile vikombe vya wageni, vitoe kabatini. Wanywee watoto wako. Hata kama kimoja kitavunjika, mtoto atakumbuka kwamba alihesabiwa kuwa mtu wa kuheshimiwa katika nyumba ya baba yake.

Sasa turudi Shunemu, kwa maana habari haikuishia chumbani. Mama yule alijaliwa mtoto wa kiume. Mtoto akakua. Siku moja akaenda shambani kwa baba yake kwa wavunaji, akashikwa na maumivu ya kichwa, na kufikia adhuhuri akafa magotini pa mama yake. Ninyi mliozika watoto mnajua saa hiyo ilivyo. Mama yule alimpeleka wapi mtoto? Alimchukua akapanda naye, akamlaza juu ya kitanda cha mtu wa Mungu, akafunga mlango, akaenda mbio mpaka mlima Karmeli kumtafuta Elisha. Na ni katika chumba kile kile, juu ya kitanda kile kile, ambapo Mungu alimrudishia mtoto wake akiwa hai.

Sisemi kwamba ukipanga nyumba yako hutapatwa na msiba. Biblia haikuahidi hivyo, na wako watu wenye nyumba safi kabisa ambao machozi yao hayajakauka. Nasema hili tu: siku ya taabu ilipokuja, mama yule alikuwa na mahali pa kwenda ndani ya nyumba yake. Alipokitengeneza chumba kile alidhani anamsaidia mpita njia. Hakujua kwamba mwanawe mwenyewe atakihitaji.

Nasi hatujui nani atahitaji nafasi katika nyumba zetu mwaka huu. Labda ni bibi na mguu wake. Labda ni binti anayeukaribia mtihani. Labda ni ndugu aliyefukuzwa kazi, au jirani ambaye nyumba yake imeungua usiku. Atakapobisha hodi hatutakuwa na wakati wa kuanza kuhamisha magunia. Basi leo, ukizima redio, nenda ukatazame chini ya kitanda chako. Piga magoti pale pale uombe, na ukiisha kuomba, usisimame bado. Vuta lile gunia ulifungue.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja duniani ukakosa nafasi katika nyumba ya wageni, utusamehe pale tulipovipa vitu nafasi ya watu. Wakumbuke wasio na nyumba kabisa, na wanaohamishwa usiku na mafuriko. Utupe macho ya kuona yanayotosha, na mikono ya kutoa kilicho chema. Uwe mwenyeji katika nyumba zetu. Amina.