Mshauri wa Njia Kuu za Mji

Kila serikali inapotangaza zabuni ya kumtafuta mtaalamu mshauri wa kuchunguza njia kuu za mji, yafaa tukumbuke kwamba Unguja haikuanza jana kuwaajiri watu wa namna hiyo. Kwani mwaka 1923 ulichapishwa mpango wa Henry Vaughan Lanchester, msanifu wa Kiingereza, mwaka 1958 ukafuata wa mpangaji miji Kendall, na mwaka 1982 wa wataalamu wa Kichina, na katika yote hiyo kuna yaliyotekelezwa na kuna yaliyobaki makabatini.

Aghlabu kazi ya mshauri huamuliwa kabla hajawasili, katika hadidu za rejea: akiambiwa ahesabu magari, atahesabu magari, na pale barabarani Darajani asubuhi, ambapo hamali husukuma mkokoteni wa ndizi baina ya gari za abiria na wanunuzi waliotapakaa hadi katikati ya lami, nusu ya wapitao hawatakuwamo daftarini mwake. Fauka ya hayo, upande mmoja wa barabara ile ni Mji Mkongwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, upande wa pili ni Ng'ambo, na chini yake ni hori iliyofukiwa, jambo ambalo masika hulikumbusha bila ya kuulizwa.

Madhali hali ni hiyo, naona heri mkataba umlazimishe mshauri kukaa na masheha na wachuuzi kabla ya kuchora, na fungu la mwisho la ujira wake lizuiwe mpaka vipimo na hesabu zote, si kitabu chenye jalada zuri tu, vikabidhiwe kwa wahandisi wetu.