Mtandao wa Ndani wa Kampuni na Mteja Aliye Dirishani



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini tumekuja kuzungumzia chombo ambacho mteja haruhusiwi hata kukifungua. Mtandao wa ndani ni kurasa za kompyuta zinazosomwa na wafanyakazi wa kampuni pekee. Humo mna bei, taratibu, fomu na kumbukumbu za wateja. Ninyi hamuuoni, lakini jibu mnalopewa dirishani limetoka humo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa alizeti wa Ikungi anayeomba huduma ifikishwe kwenye mashine yake ya kukamua mafuta. Karani anakuta majedwali mawili ya gharama, la zamani na jipya, yote hayana tarehe. Anachagua mojawapo. Mkulima analipa, na baada ya wiki mbili anaitwa aongeze fedha. Karani hakukusudia kumdhulumu. Kosa lilitendeka siku mtandao ulipoundwa bila kuamuliwa ni nani atakayeondoa waraka uliopitwa na wakati.

Kosa jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililozaa mengi, ni kuunda mtandao kwa ajili ya wakubwa. Ukurasa wa mbele hupambwa kwa picha ya mkurugenzi na salamu zake za mwaka mpya (picha yenyewe, tukiri, huwa nzuri), ilhali fomu ya malalamiko imefichwa ndani kabisa. Waundaji hukaa makao makuu penye intaneti ya kasi. Karani wa Itigi au Nduguti husubiri ukurasa ufunguke hadi foleni ifike mlangoni, kisha humwambia mteja arudi kesho. Tiba yake si ghali. Kabla ya kununua chochote, waundaji wakae siku chache kando ya karani wa tawi la mbali, waandike maswali anayoulizwa, waanze na hayo. Kurasa nazo zijaribiwe huko kwanza.

Lililo zito zaidi ni siri za mteja. Mahali pengine ofisi nzima hutumia nywila moja, nayo imebandikwa kwenye kompyuta. Basi hata aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo aweza kusoma namba yako ya NIDA na deni lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, na inakupa haki ya kuzijua na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, aone yanayohusu kazi yake tu, na akiacha kazi ifungwe siku hiyohiyo.

Viongozi wa SACCOS na AMCOS mliopo, ninyi ni wateja na pia wanunuzi wa mitandao hii. Fundi akiondoka na nywila kuu, mtakuwa mmelipia kitu kisicho chenu. Makabidhiano yake yaandikwe katika mkataba.

Nanyi mnaposimama dirishani, ombeni namba ya kumbukumbu ya lalamiko na bei iliyoandikwa yenye tarehe. Msiporidhika, mwandikieni meneja wa tawi na kutunza nakala; jibu lisipokuja, leteni nakala hiyo kwetu. Yahusuyo taarifa binafsi hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.