Namba Moja na Orodha ya Vibarua
(Hotuba fupi iliyotolewa baada ya chakula cha jioni, siku ya mkutano wetu)



Nimepewa dakika tano tu, kwa hiyo nitasema juu ya namba moja tu: 4,294,967,297.

Tuitafute pamoja. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe, upate 4. Zidisha 4 kwa 4, upate 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Sasa kila moja iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita ndiyo namba yangu.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliandika kuwa anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho. Kazi yake haikuwa ualimu. Alikuwa mtumishi kama sisi, mshauri katika mahakama ya Toulouse. Ikapita miaka 92. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa namba ile ya sita ni 641 mara 6,700,417. Basi si tasa.

Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa cho chote cha namba hiyo lazima kizidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa 64. Kwa hiyo wa kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ni kugawanya mara tano tu! Kazi ya karatasi moja na kalamu.

Ndugu zangu, simcheki Fermat. Nilipokuwa mgeni kazini niliwekewa mezani orodha ya malipo ya vibarua, yenye sahihi ya mkubwa wangu. Kurasa za kwanza nilizijumlisha, zikawa sawa. Ukurasa wa mwisho nikaupitisha kwa imani. Kumbe ndimo lilimokuwa kosa, na watu wa ukurasa ule wakapunjwa. Mmoja wao alikuja mlangoni kwangu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Bwana, wewe ulihesabu?" Sikuwa na la kumjibu.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akitunyima alama tukiandika jibu bila njia. Tulimwona mkali. Siku ile mlangoni ndipo nilipomwelewa.

Katika mfuatano ule, hadi leo haijapatikana namba tasa nyingine baada ya zile tano. Mifano mitano mizuri haikuwa uthibitisho, wala sahihi ya mkubwa si hesabu. Nanyi vijana mlioketi kule nyuma, mkija kukalia viti vyetu, ukurasa wa mwisho nao uhesabuni.