Matibabu bure, safari ya kulipia

Msikilizaji, baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza matibabu bure kwa wote. Ahadi hiyo imeokoa roho nyingi. Lakini Pemba, ambako umaskini ni mkubwa kuliko Unguja, gharama huanza kabla mgonjwa hajamwona daktari.

Mchukulie mama anayelima mwani Kisiwa Panza, kisiwa kidogo cha Pemba. Mtoto akishikwa na homa kali usiku, atafute kwanza chombo cha kumvusha hadi Chokocho, kisha gari ya kumfikisha hospitali ya Mkoani. Dawa ikikosekana, huandikiwa karatasi akanunue dukani. Akipewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna nauli ya boti, chakula cha anayeuguza na pahala pa kulala Unguja. Siku zote hizo mwani wake hauvunwi. Mwenye mshahara hulipa, maisha yakaendelea. Mama huyu huuza mbuzi, hukopa, au husubiri hadi ugonjwa ukomae.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, unaogharamia matibabu kwa michango ya wanachama, ulianza mwaka 2023 na watumishi wa umma. Kuanzia kwao ni rahisi, maana mchango hukatwa kwenye mshahara. Haki ya mfuko huo itapimwa kwa wavuvi, wachumaji karafuu na wakulima wa mwani. Basi nauli ya rufaa ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, dawa zifike mapema kwenye vituo vya vijijini na visiwani, na asiye na kipato asajiliwe bila kudaiwa mchango.