HESABU YA UMEME
(Mazungumzo mbele ya wanachama wa karakana)



Kijana mmoja wa hapa aliniuliza hivi: "Mzee, betri ya lori yaweza kuifanya spana iwe nyekundu kama kaa la moto, lakini nikiishika kwa mikono miwili sisikii kitu. Stima ya ukutani itaniua. Mbona?" Swali zuri, na jibu lake ni hesabu ya kugawanya.

Tazameni tangi la maji. Likiinuliwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo huo katika umeme ndio volti. Maji yapitayo bombani ni ampea. Wembamba wa bomba, unaoyazuia, ni omu. Jina hilo ni la mwalimu Mjerumani, Georg Ohm, aliyeitangaza kanuni hii mwaka 1827. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Mwili wenye ngozi kavu waweza kuwa na omu 100,000 hivi: gawanya, utapata ampea 0.0024, nawe utashtuka tu. (Asijaribu mtu! Ngozi ikiungua, omu hushuka ghafula.) Mkono ukilowa maji au jasho, omu zaweza kushuka hadi 1,000. Sasa ni ampea 0.24, na ampea 0.1 ikipita kifuani yatosha kuvuruga moyo. Volti ni zile zile, mtu ni yule yule. Kilichozidi ni maji.

Betri ina volti 12 tu, haziwezi kuishinda ngozi kavu. Lakini spana ya chuma ina sehemu ndogo mno tu ya omu moja, basi mamia ya ampea huipitia.

Kwa hiyo nyapara akikuambia, "Sakafu imelowa kidogo tu, maliza upesi," mpe hesabu hiyo, na umwombe azime swichi kubwa kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi pale mpaka iondolewe. Akikataa, mwite mjumbe wa chama kabla hujagusa waya.

Yule kijana huvaa pete ya chuma. Nimemwambia aivue kila afunguapo betri, maana pete nayo ni spana ndogo, na kidole kimo ndani yake.