Siku Tatu za Rehoboamu

Somo: 1 Wafalme 12:1–19



Sisi tuliozaliwa katika vilima vya Kisii na Nyamira tulilelewa na habari za Otenyo na Bibi Moraa. Mwaka 1905 Waingereza waliingia nchi ya Abagusii kwa bunduki. Mwaka 1908 Moraa, nabii wa Kitutu, aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa, na Otenyo akamchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya. Northcote alipona. Lakini askari walitumwa. Nyumba zikateketezwa, ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu, na watu wengi wakauawa, Otenyo naye akiwamo.

Kisha kukawa na kodi ya nyumba. Kodi hii haikuuliza mtu ana nini. Ilihesabu nyumba tu. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Na kwa kuwa ilidaiwa fedha, vijana waliacha mashamba yao wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na baadaye katika chai ya Kericho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilipanda hadi shilingi 16, hali mishahara ilipunguzwa.

Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi. Julai mwaka huo watu wa Nyanza walimweleza Gavana shida zao huko Nyahera. Kodi ikashuka hadi shilingi 12. Mwaka 1923 Padre Owen, kiongozi wa Kanisa letu la Anglikana katika Nyanza, aliwasaidia kuunda chama cha walipa kodi. Lakini madai makubwa, ya ardhi na ya kujitawala, hayakusikizwa. Na mwaka 1952 nchi iliingia katika hali ya hatari.

Rehoboamu naye aliombwa jambo dogo: apunguze nira. Alitaka siku tatu za kufikiri. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu. Akawaacha, akajibu kwa ukali. Msimamizi wa shokoa akapigwa mawe, na makabila kumi yakaondoka. Ufalme haukuvunjwa na adui wa mbali. Ulivunjwa na jibu moja. Juni 2024 tuliona tena vijana wetu barabarani kwa ajili ya kodi, na damu ikamwagika.

Ni rahisi kumhukumu mfalme. Lakini sisi nasi tuliwahi kuketi katika baraza la kanisa tukapitisha mchango wa ujenzi: kila nyumba kiasi kimoja, mwenye shamba la chai sawa na mjane mwenye migomba michache. Mjane mmoja akaacha kuja ibadani. Tulisema imani yake imepoa. Miezi ilipita kabla hatujaenda kwake, na tulipofika alitukaribisha, kisha akainama kwa aibu akaomba msamaha kwa kutolipa. Ndugu, sisi ndio tuliopaswa kuomba msamaha.

Kodi ni haki, na mchango ni baraka. Lakini anayetoza na asikilize kwanza. Je, leo ni nani anayengoja jibu lako?

Tuombe. Bwana, uliyechukua mizigo yetu, tufundishe kusikia kilio kabla hakijawa mkuki. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.